Msuli wa mawe

Najua nimepotea, na wapo waliopiga simu kuuliza kama nimeshadisko. Bado. Ila mtihani wa katikati ya muhula, lile somo la uthibitisho wa hesabu, nilipata 38, na wiki nzima sikutaka kuongea na mtu. Mama kule Igogo nilimdanganya kwamba mtandao unasumbua.

Sasa mnaotaka kujua nilikuwa wapi: nilikuwa kwenye mawe. Siyo utani. Mshikaji mmoja wa bwenini alinikuta nimejifungia chumbani akaniambia vaa raba twende. Tukapanda mlima kwa mguu kutoka kampasi kama nusu saa, tukatokea mtaa wa matajiri, na katikati ya nyumba zao kuna jabali limekaa tu kama kitu kilichosahauliwa na wenyewe. Linaitwa Indian Rock. Ukipandisha kidogo kuna lingine, Mortar Rock. Hapa Berkeley watu wanakuja jioni baada ya pindi, wanapaka chaki ya unga mikononi, wanapanda bila kamba, wanaanguka, wanakaa chini kuangalia jiwe, wanapanda tena.

Mi nimepewa sehemu moja ya kuambaa pale Mortar Rock. Unaanzia kulia unakwenda kushoto, miguu haigusi ardhi, na wala huendi juu kuliko meza ya kulia chakula. Mishiko kumi na mbili. Naanguka kwenye wa saba. Jumamosi tatu sasa, wa saba. Mtoto wa Mwanza, niliyekulia juu ya mawe, tunaanika nguo juu ya mawe, tunakimbizana juu ya mawe, leo nimeshindwa na ukuta ambao bibi yangu angeuegemea akipumzika!

Basi badala ya kupiga msuli wa hesabu nikaenda maktaba kusoma historia ya mchezo huu. Nikitaka kujua hasa ni nani aliyeamua kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kutumia miezi kwenye jiwe la mita nne, na watu wasimcheke.

Kwanza walicheka. Tena muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwepo Mwingereza mmoja, Oscar Eckenstein, mhandisi, aliyependa kuwafundisha wenzake mbinu kwenye mawe madogo kule Wales, na hadi leo kuna jiwe huko linalobeba jina lake. Lakini kwa wengi wa enzi zile jiwe dogo lilikuwa mazoezi tu. Heshima ilikuwa milimani, kwenye theluji, mahali pa kufia. Jiwe ni kama zile hesabu za mwisho wa sura, mlima ndio mtihani.

Ufaransa hivyo hivyo. Kusini ya Paris, mwendo wa kilomita kama 60, kuna msitu wa Fontainebleau uliojaa mawe ya mchanga, na watu wa Paris wasio na nauli ya kwenda Alps kila wiki walikuwa wakishinda huko Jumapili. Pierre Allain ni mmoja wao. Huyu alitengeneza viatu vyepesi vya soli laini ya mpira, babu wa hivi tunavyovaa leo, na mwaka 1934 akapanda kona moja pale Cuvier ambayo bado inaitwa kwa jina lake. Mwaka uliofuata yeye na Raymond Leininger wakapanda uso wa kaskazini wa Petit Dru, mlima kweli kweli. Mnaona mpangilio? Jiwe kwanza, mlima baadaye. Ila naona Wafaransa walianza kunogewa na jiwe lenyewe kabla ya wengine, maana mwaka 1946 René Ferlet alipanda La Marie-Rose, njia ya kwanza pale msituni kupewa gredi ya 6a, na mwaka 1947 wakaanza kuchora alama za rangi kwenye mawe ili mtu afuate mzunguko wa njia moja hadi nyingine. Huchori alama kwenye kitu usichokiheshimu.

Hapa Berkeley hadithi ni ya wanafunzi, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Machi 1932 Dick Leonard, mwanafunzi wa sheria, na wenzake kina Jules Eichorn walianzisha klabu ya kupanda kwenye majabali ya mitaa hii hii. Wakati ule kanuni ilikuwa moja: anayetangulia haruhusiwi kuanguka. Kamba zilikuwa za nyuzi za mimea, nailoni ilikuwa bado, na ukianguka kwa kishindo kamba inakatika. Leonard na wenzake wakaamua kufanya kitu cha kiwendawazimu: wakajifunza kuanguka. Mmoja anajirusha makusudi, mwenzake anamshika kwa kamba iliyozungushwa mwilini, lakini haibani ghafla, anaiacha iteleze kidogo kidogo mpaka nguvu ya mwanguko iishe. Wakarudia hivyo mara nyingi sana. Aprili 1934 Leonard, Eichorn na Bestor Robinson wakasimama juu ya Higher Cathedral Spire kule Yosemite, mnara ambao hakuna aliyekuwa amerekodiwa kuupanda. David Brower, yule aliyekuja kuwa mtetezi mkubwa wa mazingira Marekani, naye ni zao la mawe haya.

Nilipoisoma hiyo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Yaani kikundi cha wanafunzi walipanga ratiba ya kuanguka!

Ila hata kwa kina Leonard jiwe lilikuwa mazoezi ya kitu kingine. Mtu aliyegeuza mambo alikuwa mwalimu wa hesabu, na hapo ndo niliposahau kabisa kwamba nina zoezi la kukusanya Jumatatu.

John Gill alizaliwa Alabama mwaka 1937. Alianza kupanda mwaka 1953, na chuoni akajifunza jimnastiki, ile ya kupanda kamba kwa mikono. Chaki ambayo wanajimnastiki wanapaka ili mikono isiteleze, yeye ndiye aliyeileta kwenye mawe miaka ya 1950. Kitu kidogo, lakini kabla yake watu walikuwa wanajifuta jasho kwenye suruali. Halafu akawaza tofauti: kama jimnastiki ni mchezo kamili, kwa nini kupanda jiwe kusiwe mchezo kamili? Kwa nini lazima kuwe na mlima nyuma yake? Mwaka 1969 aliandika makala kuhusu hilo katika jarida la Klabu ya Alpine ya Marekani, kwamba huu ni usanii unaojitegemea. Akaendelea na shule, akapata udaktari wa hesabu mwaka 1971, akafundisha chuo kikuu huko Pueblo, Colorado, mpaka alipostaafu.

Njia yake inayosimuliwa zaidi iko South Dakota kwenye eneo la Needles, jabali linaitwa Thimble, mita kama 9 kwenda juu. Gill aliipanda mwaka 1961 bila kamba, na chini yake kulikuwa na uzio wa maegesho ya magari. Ukianguka unaangukia uzio. Hakwenda kibabe tu. Alipanda kidogo akashuka, akapanda tena akashuka, akizikariri hatua za chini mpaka mwili ukazijua, ndipo siku moja akaendelea mpaka juu.

Lakini kilichonikamata mimi ni jinsi alivyopanga gredi. Alikuwa na madaraja matatu, B1, B2 na B3. B1 ni ngumu kama njia ngumu kabisa za wapanda kamba wa wakati ule. B2 inazidi hapo. B3 ni njia iliyopandwa mara moja tu ingawa wengine wameijaribu. Akitokea mtu wa pili kuipanda, inashuka, si B3 tena. Fikirieni hilo. Gredi ya juu kabisa haipimi jiwe, inapima walioshindwa. Bila watu kuja na kuanguka, B3 haipo. Mfumo wenyewe haukudumu, siku hizi Marekani wanatumia kipimo cha V kilichoanzia kwa John Sherman kule Hueco Tanks, Texas, kinachopanda namba tu bila mwisho, na kwa matumizi ni bora, nakubali. Ila cha Gill ni cha mtu wa hesabu anayejua kwamba swali zuri ni lile lililowalaza watu macho.

Na hata neno lenyewe. Kwa Kiingereza njia ya kwenye jiwe haiitwi njia. Inaitwa kwa neno lile lile wanaloliita swali la hesabu. Nimejaribu kuwaza Kiswahili chake. "Tatizo" hapana, hilo ni kodi ya chumba na bumu kuchelewa. Mi nasema "fumbo". Nimefumbiwa mishiko kumi na miwili, nimefumbua sita.

Fumbo maarufu kuliko yote liko Yosemite kwenye kambi inayoitwa Camp 4, mgongoni mwa jiwe la Columbia, linaitwa Midnight Lightning. John Yablonski ndiye aliyeona kwamba pale panaweza kupitika. Wenzake Ron Kauk na John Bachar wakaanza kuanguka. Wakaanguka, wakaanguka. Kuna mshiko mmoja wenye umbo la radi unaorukiwa, na ukishaukamata hujamaliza, kuna kujivuta juu ya ukingo wakati mikono imeshaisha, mgongo chini kukikungoja. Na magodoro haya tunayobeba mgongoni kama makobe hayakuwepo, yalianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1978 Kauk akafika juu, Bachar akafuata. Bachar alichora radi kwa chaki pale ukutani na ikabaki miaka na miaka, watu wakiihuisha. Mwaka 2013 mtu aliifuta, wengine wakaichora upya. Mwanamke wa kwanza kulifumbua ni Lynn Hill, mwaka 1998, miaka mitano baada ya kupanda The Nose ya El Capitan kwa mikono na miguu yake bila kujivuta kwa vyuma, jambo ambalo wanaume waliokuwa wakizunguka pale hawakuwa wameliweza.

Sasa hili neno "wa kwanza" linanikera kidogo. Ukipanda juu kabisa ya Mortar Rock utakuta mashimo ya duara, laini ndani, kina cha mkono. Ni vinu. Wanawake wa Ohlone, wenyeji wa hapa, walikaa juu ya jiwe hilo wakitwanga mbegu za mialoni, vizazi kwa vizazi, mpaka jiwe likaliwa na mchi. Ndiyo maana ya jina lenyewe, mortar ni kinu. Walipandaje kufika pale? Kwa miguu yao bila shaka, upande rahisi, lakini watoto wao mnafikiri walipita upande rahisi? Mi najua watoto na mawe. Kule kwetu Mwanza hakuna jiwe ambalo halijapandwa na mtoto aliyetumwa kuanua nguo, na hakuna kitabu chenye jina lake. Kwa hiyo nikisoma kwamba fulani ni wa kwanza, naelewa ni wa kwanza kuandikwa. Kwa Midnight Lightning nakubali bila ubishi. Kwa mengine, tuwe wapole.

Na haijaisha. Kule Finland, Nalle Hukkataival alihangaika na jiwe moja la Lappnor miaka kadhaa kabla ya kulimaliza Oktoba 2016, akaliita Burden of Dreams na kulipa gredi ya V17, ya kwanza ya daraja hilo duniani. Ni hatua chache tu, ukiitazama video inaisha kabla chai haijapoa. Miaka karibu saba hakuna aliyerudia. Aprili 2023 Mskoti Will Bosi akafanikiwa, tena alikuwa ametengenezewa nakala ya mishiko ile akafanyia mazoezi kwao. Kwa kipimo cha Gill, mpaka siku ile ilikuwa B3 halali.

Jumamosi iliyopita nimegundua kitu kwenye mshiko wa saba. Nilikuwa nauvuta chini kama ngazi. Jiwe lenyewe limeinama, mshiko unataka uvutwe kwa pembeni huku kiwiliwili kimegeukia ukuta. Nimeushika. Nikakaa nao kama sekunde mbili, nikafurahi, nikaanguka. Mshikaji kanicheka mpaka kakaa chini.

Karatasi ya mtihani pia nimeitoa chini ya godoro na kuipeleka kwa ticha saa zake za ofisi. Swali la nne, mistari mitatu ya mwanzo ilikuwa sahihi kabisa. Sikuwa nimeiangalia.

Mama nimempigia jana usiku, kwao asubuhi. Nikamwambia ukweli, nimepata 38. Akauliza, "Kwa ngapi?" Nikasema kwa mia mama. Akanyamaza. Halafu akaniuliza nimekula nini.

Jumamosi narudi, mvua isiponyesha. Jiwe likiloa halishikiki.