Boma Lililooza Ardhini

Atokaye Tanga kwenda Pangani huyaona magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi zaidi ya 40. Hayo ni ya mawe, nayo hujitetea yenyewe. Sisi twanena habari za vijiji visivyoacha mawe.

Mwaka 1967 Robert Soper alieleza habari za vigae vilivyofukuliwa Kwale, katika Kenya, na vingine vya namna ile ile vya Usambara na Upare. Wenyewe walikuwa wafua chuma wa karne ya 3 hivi baada ya Kristo, wala hawakuacha ukuta wowote wa kumwonyesha mpita njia.

Boma la miti likiisha kuoza, hubaki vishimo vya nguzo tu, vyenye udongo mweusi kuliko ulio kando. Mchimbuzi akikwangua polepole, akavipima na kuviandika kimoja kimoja, aweza kuonyesha ua ulipopita na mlango ulipokuwa. Fundi achimbapo msingi wa nyumba huvikata vyote kwa siku moja, wala hatumlaumu, kwa kuwa haoni kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vya kabla ya mwaka 1863. Lakini itakilindaje kisichojulikana kuwa kipo? Basi viwanja vipya vya Tanga vipimwapo, yafaa mchimbuzi apewe zamu yake kwanza, kokoto zisijamwagwa.