Zula, Binti wa Saadani

Waandishi wengi wa filamu huidharau Conan the Destroyer ya 1984. Ile ya kwanza, Conan the Barbarian ya John Milius (1982), ilijaa damu na kisasi. Ya pili, aliyoiongoza Richard Fleischer, ilipunguza damu ili watoto nao waingie, ikamleta mwizi mchekeshaji. Wanasema ni ya kitoto. Sawa. Na mimi nilikuwa mtoto.

Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi 1994. Hata baada ya hapo, kwetu Bagamoyo sinema ilikuwa banda la video: makuti juu, mabenchi chini, deki moja, na jamaa amesimama kando ya kioo akitafsiri. Baadaye Lufufu alivuma sana kwa kazi hiyo. Wa kwetu hakujulikana nje ya mtaa.

Arnold Schwarzenegger tulimwita Komando hata akishika upanga. Stelingi hafi, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi naye. Aliyetutoa macho ni Zula, yaani Grace Jones, mzaliwa wa Jamaika: mweusi kama sisi, fimbo mkononi, amefungwa mnyororo na wanakijiji lakini bado anapigana. Mtafsiri hakusita: "Mnamwona huyo? Binti wa Saadani!" Banda zima likalipuka.

Tangu hapo kila Zula akipiga mtu, Saadani imeshinda. Mwishoni binti mfalme Jehnna anagawa vyeo, na Zula anapewa ukuu wa walinzi. Jamaa akatangaza cheo hicho kama taarifa ya habari ya redio. Wasichana tulikuwa watatu tu mle ndani, tukapiga makofi hadi tukaambiwa tukae. Nyumbani nilichapwa kwa kwenda bandani. Sikujuta.

Miaka mingi baadaye niliitazama kwa lugha yake. Zula hasemi mengi, Saadani haimo, na vichekesho nilivyovikumbuka karibu vyote havimo. Vilikuwa vya yule jamaa.

Filamu ya Fleischer bado ipo, unaipata hata leo. Tafsiri ile hakuna aliyeirekodi wala kuiandika. Tukiandika historia ya sinema za pwani tunataja waongozaji, waigizaji na miaka, tunamwacha aliyesimama gizani akitugawia mashujaa. Kama ulikaa kwenye banda la aina hiyo, Bagamoyo au Mbweni, andika unachokumbuka kabla hujasahau. Mimi nimeanza na Zula.