Sinema ya Vugiri

Mwanafunzi wa Kilifi apitaye kando ya mashamba ya Vipingo huenda asijue kwamba mkonge una sehemu katika historia ya sinema. L. A. Notcutt, meneja wa mashamba ya mkonge, alifikiri mwaka 1926 kuwaburudisha wafanyakazi wake kwa picha. Mwaka 1935, yeye na G. C. Latham walianza kutengeneza picha za mafunzo huko Vugiri, milimani Usambara: habari za chai, safura na benki ya posta. Waafrika waliigiza, maneno yalitiwa katika santuri, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1937 fedha zilikosekana, kazi ikakoma. Mwafrika alionekana na kusikika, lakini uchaguzi wa hadithi haukuwa wake. Basi uonapo picha, mwanafunzi, tafuta jina la aliyeichagua hadithi.