Nje ya Mstari

Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria Nairobi bila leseni maalumu. Kwa miongo iliyofuata, njia zake ziliishi zaidi vichwani mwa makanga kuliko kwenye karatasi. Mama yangu naye anazo kichwani: 58 Buruburu, 111 Ngong, shuka pale kwa bomba.

Kuanzia 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakirekodi kila kituo. Ramani yao ilitoka 2014 ikiwa na njia zaidi ya 130. Mwaka uliofuata ikaingia Google Maps. (Wivu wangu siufichi: ningependa tasnifu yangu izae kitu kama hicho.)

Juzi nilikuwa ndani ya 111 nikipima muda wa foleni. Dereva akakata kona ghafla, tukaingia mtaa wa vumbi.

"Mbona huku?" nikauliza.

"Jam, sister. Njia ni ile inapitika," makanga akajibu.

Mama akapiga simu kuuliza nimefika wapi. Kidoti changu kilikuwa nje ya mstari. Ikabidi nimuulize makanga.