Haki ya Mchukuzi wa Mizigo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, tazama sinia linapotengwa mbele yako wakati wa chakula. Kabichi, karoti, viazi ulaya na nyanya zilizomo ndani yake, ikiwa unakaa Tanga, Pangani au Dar es Salaam, huenda zimelimwa katika milima ya Usambara, huku kwetu Lushoto, Lukozi, Mlalo au Bumbuli. Umemlipa muuza genge, na muuza genge amemlipa mwenye mali. Walakini kati ya mkulima na muuza genge yupo mtu mmoja ambaye hatumkumbuki. Naye ni yule aliyeuchukua mzigo usiku kucha mpaka ukafika. Nataka leo tuitazame habari yake tangu zamani, khalafu tujiulize tunampokeaje anapofika mlangoni.

Kabla ya gari la moshi na kabla ya lori, mizigo ya nchi hii ilipanda vichwa na mabega ya watu. Njia moja kubwa ya misafara ilitoka Pangani, ikafuata bonde la mto Ruvu, ikapita chini ya milima yetu, ikaelekea Upare, Kilimanjaro na Umasaini. Kwenda bara ilichukua nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Kurudi pwani ilichukua pembe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu ya hizo alichukua mkeka wake, chungu chake na posho yake. Wengine walikuwa watu huru waliopatana ujira wao kabla ya kutoka. Wengine walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na ujira ukaingia katika mfuko wa bwana. Jambo hili sisi watu wa pwani tusilifiche, kwa kuwa ni miongoni mwa hesabu zetu.

Katika milima hii alitawala Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Kilindi, aliyekaa Vuga. Mmisionari Krapf alimkuta huko mwaka 1848. Kimweri alipofariki mwaka 1862 watoto wake na wajukuu wake wakagombana, na mwanawe Semboja akashuka bondeni akakaa Mazinde, maana huko ndiko misafara ilikopita. Mwenye kutaka habari hizi kwa urefu na asome Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi aliyekaa na watu hao na kuwajua.

Wakati huo kila msafara uliopita katika nchi ya mtu ulitoa hongo. Neno hili lilikuwa na maana yake ya haki: ni ada ya njia, aliyopewa mwenye nchi ili wasafiri wapite salama, wapate maji na mahali pa kulala. Ilitolewa hadharani, na mkuu wa msafara ndiye aliyeitoa, si mpagazi. Mwenye kuipokea naye alikuwa na wajibu juu yake. Baadaye wajibu ukaondoka, ikabaki tamaa. Na leo tukisema hongo hatuna maana nyingine ila rushwa. Likumbuke neno hili, ndugu yangu, kwani nitalirudia.

Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Mombo mwaka 1905. Njia ya misafara ya Pangani ikapoteza kazi yake. Watu wakadhani kwamba taabu ya kuchukua mizigo kichwani imekwisha. Haikwisha. Mwaka 1914 vikaja vita vikuu vya kwanza, na vita hivyo katika nchi hii vilipiganwa mahali pasipo reli wala barabara. Pande zote mbili, Waingereza na Wajerumani, zikakamata wanaume vijijini kwa maelfu wachukue risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande. Juni 1916 Waingereza wakaingia Mombo na Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Septemba mwaka huo huo wakaitwaa Dar es Salaam.

Mjini Dar es Salaam palikuwa na mahali ambapo Wajerumani walikusudia pawe soko. Waingereza wakapafanya kambi ya wachukuzi. Jeshi la wachukuzi kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka kwa ndimi zao, likawa Kariakoo. Nairobi nako upo mtaa wenye jina hilo hilo na kwa sababu hiyo hiyo. Wachukuzi hao hawakufa kwa risasi sana kama walivyokufa kwa kuhara damu, homa, baridi na unga usioiva. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakaribia laki moja. Tena wengi waliokufa walikufa wakidai. Mishahara yao ilibaki katika madaftari, wala haikuwafikia wajane na mayatima wao. Maafisa wa serikali ya Nairobi waliiandikia London fedha hizo zitolewe kwa manufaa ya watu wa nchi, na London ikakataa.

Basi tazama hikima ya Mwenyezi Mungu. Mahali pale pale palipolala wachukuzi waliodhulumiwa ndipo leo lilipo soko la Kariakoo, ambalo jengo lake kubwa, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Mboga za Lushoto zimekuwa zikipelekwa hapo miaka na miaka, na nyingine huenda Ilala na kwengineko. Jina la mchukuzi tunalitaja kila siku tunapokwenda kununua vitunguu, na habari yake hatuijui.

Mchukuzi wa leo ni dereva wa lori na tandiboi wake. Jioni lori hupakiwa huku milimani. Usiku hushuka kona za Soni, kilomita zipatazo 33 hata Mombo, na upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni korongo. Kisha hushika njia kuu ya Korogwe, Segera na Chalinze. Ni zaidi ya kilomita 300, na shehena ni ya kitu kinachooza. Hodari wa kazi hii hastahili dharau ya mtu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda lori kama hilo kwenda kumtazama ndugu yangu mgonjwa. Dereva alikuwa kijana niliyemsomesha chuoni. Kabla ya Alfajiri tulikuwa mbele ya ghala moja mjini, ambalo sina haja ya kulitaja. Tukaambiwa tungoje. Mbele yetu yalikuwapo malori matatu, lakini jua lilipopanda yakaja mengine nyuma yetu, na wenyewe wakazungumza na karani pembeni, lango likafunguliwa wakapita. Kijana wangu hakutoa kitu. Aliniambia, "Shekhe, nikitoa leo, wiki ijayo watataka mara mbili."

Joto likazidi. Akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akakataliwa. Aliambiwa choo ni cha wafanyakazi. Akatawadha kwa maji ya chupa, akasali juu ya turubai. Ama mimi, mlinzi aliponiona na kanzu na kofia akanikaribisha ndani kwa heshima, akanipa kiti kivulini na kikombe cha chai. Nikaenda, nikakaa, nikanywa. Nilimwona kijana wangu kwa upande wa pili wa lango akiwa amechuchumaa katika kivuli cha gurudumu, wala sikusema neno.

Lango lilifunguliwa baada ya Alasiri. Karani akakagua kabichi, akasema magunia kadhaa yameharibika, akayaandika kuwa ni hasara ya dereva. Yaliharibika wapi? Yaliharibika pale pale mlangoni pake. Kijana akatia sahihi, maana asingetia sahihi asingeshushiwa mzigo. Usiku ule ule akarudi Lushoto, naye hajalala tangu jana yake. Tulipoagana aliniambia, "Shekhe, barabara hainichoshi. Kinachonichosha ni mlango." Sikuwa na la kumjibu, na chai ile niliyoinywa ingali inanidai mpaka leo.

Ndugu Muislamu, usidhani haya ni mambo ya biashara tu, dini haimo. Dini imo, tena imo sana. Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya kupewa utume alisafiri kwenda Sham na mali isiyokuwa yake. Ilikuwa mali ya Bibi Khadija, naye akaichukua kwa amana na kuirudisha kwa faida. Basi kazi ya kuchukua mali ya watu njiani imefanywa na aliye bora wa viumbe. Na Bibi Khadija, aliyekuwa tajiri wa Makka, hakumpokea kwa kumdharau. Aliuona uaminifu wake, akamheshimu, mpaka akataka awe mumewe.

Katika Kurani tunasoma pia habari ya Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyana, mgeni, mchovu na mwenye njaa. Aliwanyweshea wanyama mabinti wawili, khalafu akajitenga kivulini, hakudai kitu. Baba yao alipopata habari hakusema kwamba kijana yule ni mpita njia. Alimwita nyumbani ampe ujira wa kazi yake. Ujira ulimtafuta mfanya kazi. Mfanya kazi hakuufuata ujira akisukumwa malangoni.

Na katika hadithi sahihi imekuja kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wa watu watatu siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Kariakoo nzima ina deni la namna hii tangu mwaka 1918. Je, tuliongeze?

Ama hukumu ya hasara, mafakihi wetu wameieleza wazi. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwamba aliyekabidhiwa mali kwa kazi ya ujira mkono wake ni mkono wa amana. Halipi kilichoharibika ila akizembea au akipita mpaka. Dereva akiendesha ovyo akapindua, au akauza gunia njiani, hiyo ni khiyana, naye atalipa. Lakini mali iliyooza kwa kuzuiwa na mwenye kuipokea, kwa haki gani ikatwe katika mshahara wa dereva? Vile vile wamesema kuwa mtu akikodi mnyama, akakabidhiwa, akamweka mpaka muda ukapita, kodi imemthubutikia hata kama hakumpanda. Mimi naona lori lililozuiwa kutwa nzima langoni halina tofauti kubwa na mnyama huyo. Saa ya kungoja ni saa ya kazi.

Na yule karani anayepokea kitu kidogo ili abadilishe zamu, huyo hachukui hata ile hongo ya kale. Wa kale alitoa maji na salama, na huyu hutoa ucheleweshaji kisha akauuza. Mali hiyo ni haramu kwake, na chakula anachowapelekea watoto wake kimo ndani yake. Surat Al-Mutaffifin imewatisha wanaotaka kutimiziwa wanapopokea na kupunja wanapotoa. Tumezoea kuisoma kwa wenye mizani na wajaza lumbesa. Basi wajue pia wenye maghala wanaotaka mzigo ufike kwa saa, kisha wao wakachezea saa za mwenzao.

Kuna hatari nyingine. Usingizi alionyimwa dereva mlangoni atautafuta barabarani. Lori lenye tani nyingi likishuka na dereva anayesinzia, hukutana na basi lenye mama na watoto. Siku hiyo tutasema ni kudura ya Mungu, nayo ni kudura kweli. Lakini aliyemkesha dereva getini naye atakuwa na hesabu yake.

Serikali imetunga sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi kwa wiki. Mwaka 2015, mwezi wa Aprili na wa Mei, madereva waligoma nchi nzima, na moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya kazi. Lakini sheria haiwezi kusimama kila lango. Mlangoni husimama mtu na dhamiri yake.

Basi nawausia ndugu zangu wenye maghala na maduka, na wengi wao ni Waislamu. Wekeni banda la kivuli, maji ya kunywa na ya kutawadhia, choo, na mkeka wa kusalia. Aliyetangulia kufika atangulie kushushiwa. Mzigo ukaguliwe unapofika, si baada ya kuchomwa na jua, na hasara ibebwe na aliyeisababisha. Gharama yake ni ndogo kuliko sadaka nyingi tunazotoa ili tuonekane. Nanyi madereva, chungeni amana, acheni mwendo wa kasi, wala msitoe hongo ikiwa mnaweza kuiepuka. Na sisi tunaokula, tumwombee dua aliyetuletea. Tena tukimwona nje ya lango, tusinywe chai yetu ndani tukanyamaza.

Wazee wengi hulieleza jina la Bagamoyo kuwa ni pale mpagazi alipofika, akabwaga mzigo, na moyo ukatua. Ewe Mola wetu, wajaalie wachukuzi wetu nao wafike mahali moyo ukatua. Warehemu waliokufa wakidai, na utusamehe sisi tulioona tukakaa kimya. Amin.