Kupe, walalahoi, wanyonge: mstari unaochorwa jukwaani

Jumamosi ya Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walivaa majoho yao wakaandamana hadi Ikulu. Hawakutaka kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyowekwa: miezi ya kambini, kisha mwaka na nusu kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai kuwa enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akafoka. Katika jambo moja aliwaunga mkono: mishahara ya wakubwa ni minono mno, na wa kwake umo. Alikuwa akilipwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Palepale akaukata kwa asilimia 20. Wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa na kurudishwa makwao.

Anayetaka kujua lugha ya jukwaani inayowatenga Watanzania wenye nacho na wasio nacho ilianza vipi, aanzie siku hiyo. Si kwamba Nyerere hakuwahi kuwasema wakubwa kabla ya hapo. Ila siku ile msemaji alijiweka upande wa wanaosemwa, na kauli ikamgharimu mfukoni kabla haijamgharimu mtu mwingine.

Miezi mitatu baadaye, Februari 5, 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Kilichofuata kila mtu mzima wa nchi hii anakikumbuka au amesimuliwa: kupe, mirija, unyonyaji, mabwanyenye. Haya hayakuwa maneno ya wasomi. Mkulima wa Kwimba au Newala alikuwa ameona kupe kwenye ng'ombe wake, akaelewa mara moja nani anasemwa. Na watu walipoanza kuelewa kwamba kupe ni Mhindi mwenye duka, Nyerere alishika kalamu mwezi huohuo, akaandika katika The Nationalist, gazeti la TANU, kuonya kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi. Alijua jukwaa linaweza kumtoka mwenyewe.

Lakini uzito wa Azimio haukuwa kwenye kupe. Ulikuwa kwenye masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi. Mistari michache tu, lakini iliwauma mawaziri na makatibu wakuu kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa wengi walikuwa wameshaanza kujenga.

Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, ambao kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno na dharau kwa anaowaongoza. Chama kilidhani kimetoa nasaha. Wafanyakazi wa viwandani walikichukua kifungu kile wakakitumia. Kati ya 1971 na 1973 waligoma, wakawafungia nje mameneja waliowatukana, na katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakafika hatua ya kukishika kiwanda chenyewe. Hapo serikali ikaanza kusita. Waliofanya vivyo hivyo baadaye walikamatwa. Mimi naona hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii, na linasimuliwa kidogo mno. Watu wa chini waliamini walichoambiwa, wakakitenda, na waliokisema wakaogopa.

Waziri Mkuu Edward Sokoine naye alikuja na vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, watu wakatupa sukari na vitenge usiku kwa hofu ya msako. Vita hiyo ilikwisha alipofariki Aprili 1984. Kisha zikaja enzi za ruksa za Rais Mwinyi, na mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikayalegeza yale masharti ya Arusha. Kiongozi akaruhusiwa nyumba za kupangisha, hisa na mshahara wa pili.

Ndipo akatokea Mchungaji Christopher Mtikila. Chama chake cha DP hakikuwa kimesajiliwa, lakini alipopanda jukwaani Jangwani watu walijaa. Lugha yake ilikuwa ya vijiweni: huku walalahoi, kule magabacholi. Aliyelala bila kula alijisikia ametajwa kwa jina lake. Tatizo ni kwamba magabacholi hawakuwa tabaka. Walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, tajiri na karani kwa pamoja. Mwanzoni mwa 1993, baada ya mkutano wake mmoja, vijana waliingia mitaani wakarusha mawe kwenye magari. Kigogo mweusi aliyekuwa amekwisha kujilimbikizia chini ya uamuzi wa Zanzibar alipita salama. Hasira ya mnyonge ilikuwa ya haki, ikaelekezwa kwa jirani. Nalisema hili nikijua pia kwamba Mtikila huyohuyo alitufungulia njia mahakamani: ndiye aliyedai haki ya mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika, ikampa ushindi Juni 2013.

John Pombe Magufuli aliapishwa kuwa Rais Novemba 5, 2015. Siku nne baadaye aliingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala sakafuni. Desemba 9 alifuta gwaride la Uhuru, akashika ufagio na kufanya usafi karibu na Ikulu. Machi 2016, akiwa Chato, alitangaza kwamba hakuna mtumishi wa umma atakayelipwa zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, huku wapo waliokuwa wakilipwa milioni 40. Aliahidi kuwashusha waliokuwa wakiishi kama malaika. Majipu, yaani watumishi waliodaiwa kuwa wabovu, yalitumbuliwa hadharani, wengine wakisimamishwa kazi jukwaani kwa simu na kipaza sauti. Ofisini watu waliacha kuongea. Sokoni watu walishangilia.

Tusiwabeze walioshangilia. Mama aliyekuwa akichangishwa kila muhula aliona ada ya mwanawe imefutwa. Mtu aliyezoea kuambiwa njoo kesho aliona anayemwambia hivyo anatetemeka. Ila lugha hiyohiyo ya kutetea wanyonge ilimgeukia mnyonge alipokuwa upande usiotakiwa. Waliobomolewa nyumba Kimara mwaka 2017 kupisha barabara ya Morogoro walikuwa wanyonge. Waathirika wa tetemeko la Kagera la Septemba 2016 walikuwa wanyonge, na waliambiwa wazi kwamba serikali haikulileta tetemeko na haitawajengea. Nani ni mnyonge liliamuliwa na mtu mmoja, siku ile, mahali pale.

Hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye kitambulisho cha machinga. Desemba 2018 Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayavuki shilingi milioni nne kwa mwaka alilipa 20,000, akapewa kadi, na mgambo akakatazwa kumgusa. Toleo la kwanza halikuwa na jina wala picha ya mwenye kadi. Kariakoo meza zilijaa kando ya Mtaa wa Kongo na Msimbazi, zikafika mpaka milangoni mwa maduka. Mwenye duka alilipa kodi, pango na leseni huku mteja wake akikatiwa njiani na mwenye kadi. Walinunua bidhaa kwa mtu mmoja, pengine walitoka wilaya moja, na wakaanza kutazamana kama maadui. Wala mmoja wao hakuwa tajiri.

Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Watu walitandika khanga barabarani jeneza lipite, na watu 45 walikufa kwa msongamano Uwanja wa Uhuru. Waliolia walilia kweli. Oktoba mwaka huohuo meza za Kariakoo ziliondolewa kwa agizo la kuwapanga machinga upya. Kadi ya 20,000 haikumzuia yeyote kuondolewa, kwa kuwa haki ya kukaa pale ilishikiliwa na neno la Rais, na Rais huyo hakuwepo tena.

Nyerere alitamka maneno makali kama ya Mtikila na ya Magufuli. Tofauti ni kwamba yeye aliyafunga kwenye masharti yaliyombana yeye na wenzake, mtu wa kawaida akaweza kumshika kiongozi kwa karatasi. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Tangu hapo kupe wamesemwa, mafisadi wamesemwa, majipu yamesemwa. Hakuna serikali iliyoyarudisha.