Lukasa: masomo ya vidole kwa wazee wa Kiluba

Wakati tulipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu alikuwa na neno moja tu kwa mwanafunzi aliyeshindwa kusema somo lake kwa kichwa: "Weye uko na kichwa nguvu, rudia kwenu ukalime." Rafiki yangu mmoja aliambiwa vile mara nyingi, mpaka siku moja akarudi kweli. Lakini ni yeye yule aliyeweza kutaja kila kijito toka kwetu mpaka sokoni, na mwenye kila shamba, na baba ya mwenye shamba, kama mko munatembea pamoja. Ukimketisha kwenye benchi, yote inapotea. Nani kati yetu hakujua mtoto wa namna ile?

Hapa kwetu Katanga wazee walifikiri jambo hili kitambo, mbele ya kufika kwa Wabeleji na shule zao. Katika ufalme wa Waluba, kule kwenye inchi ya ziwa Upemba na Kabongo, kulikuwa chama kinachoitwa Mbudye. Watu wake wenye elimu ya juu waliitwa bana balute, ni kusema watu wa kumbukumbu. Kazi yao ilikuwa kulinda historia ya wafalme, na tena kumkumbusha mfalme mipaka ya uwezo wake. Si kazi ya mchezo. Mtu akisahau nani alizaa nani, vita inaweza kutokea juu ya kiti.

Chombo chao kilikuwa lukasa. Ni ubao mdogo unaoenea mkononi, mwembamba katikati, wenye kupigiliwa ushanga na simbi, na pengine wenye kuchongwa alama. Mgongo wake unachongwa mfano wa gamba la kobe, maana kobe ni alama ya Mbudye. Msomaji anaushika kwa mkono wa kushoto, kiisha kidole cha mkono wa kuume kinapita juu ya ushanga polepole, huku kinywa kinasema ao kinaimba. Ushanga mkubwa mmoja wenye kuzungukwa na midogo waweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa ushanga ni njia, ni safari. Kwa kidole anafuata habari za Nkongolo Mwamba, mfalme mkali, na za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na za mwana wake Kalala Ilunga aliyeshika ufalme.

Thomas Reefe aliandika juu ya lukasa mwaka 1977, na mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts wakatoa kitabu kikubwa juu ya sanaa na kumbukumbu za Waluba. Wote wanaonyesha jambo moja ambalo lilinishangaza: ubao mmoja hausomwi namna moja tu. Wasomaji wawili, ao msomaji mmoja kwa siku mbili tofauti, wanaweza kutoa maneno mbalimbali, kufuatana na shauri lililowakusanya. Kwa hiyo lukasa si kitabu cha kukariri. Unashika nguzo, kiisha unajenga nyumba kwa akili yako.

Tena mtu hakupewa lukasa siku ya kwanza. Mwanachama alipanda ngazi kwa ngazi. Kulikuwa michoro kwenye ukuta, nyimbo na michezo ya ngoma, na wachache tu ndio walifika kwenye ubao wenyewe na kuujua sawasawa.

Hapa ninataka kupingana kidogo na wenzangu walimu. Siku hizi, katika semina, tunafundishwa kwamba kuko mtoto wa macho, mtoto wa masikio na mtoto wa mikono, na kila mmoja apewe somo kwa mlango wake. Maneno mazuri, yanapita fimbo na matusi. Lakini mwaka 2008 wataalamu wanne, Harold Pashler na wenzake, walipima uchunguzi uliokwisha kufanywa juu ya jambo hilo, wakaona hakuna ushuhuda wa kutosha kwamba kugawanya watoto vile kunawaongezea elimu. Na katika yale niliyosoma juu ya Mbudye, sioni fasi walipowagawanya watu wa macho huku na watu wa masikio kule. Somo moja lilipita kwa jicho, kwa sikio, kwa mguu unaocheza na kwa kidole, kwa mtu yule yule. Mwenye kupungukiwa mlango mmoja alikuwa na mingine. Rafiki yangu hakukosa kichwa. Alipewa mlango mmoja tu, ukafungwa.

Mwaka uliopita nilichukua kipande cha ubao, misumari na mbegu za maharagi, nikamwita mjukuu wangu aliyekuwa anashindwa kukariri provinsi zetu 26. Tulizipanga kama zinavyopakana, mbegu kubwa kwa zile zenye miji mikubwa. Kwa siku tatu alizipapasa macho yakiwa yamefungwa. Toka Haut-Katanga mpaka Tshopo anapita vizuri. Kule Kasai bado anapotea, lakini sasa hasemi tena "nimesahau." Anarudisha kidole nyuma, anaanza upya toka Lomami.